Vifaa vya umeme vilivyokufa majumbani Lubumbashi: tunamuuzia nani, na yeye anavifanya nini?

Mwalimu_Katuba (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu wa Lubumbashi, na ninyi wa Likasi, Kipushi na Kolwezi mnaopita humu, nawasalimu.

Ingia lupango (uwanja wa nyumba) yoyote ya Katuba, Kampemba, Ruashi au ile komini yetu iitwayo Kenya, uliza kilichokufa humo ndani. Utaonyeshwa televisheni ya chogo iliyoungua siku umeme uliporudi kwa nguvu, redio ya kaseti ya marehemu baba ambayo hakuna anayethubutu kuitoa, betri ya sola iliyovimba ubavu, fungu la chaja, simu zenye kioo kilichopasuka, balbu zilizozima. Hatuvitupi, kwa sababu tulivinunua kwa jasho. Vinakaa chini ya kitanda miaka. Halafu siku moja nafasi inahitajika, au pesa ya unga imepungua, na kijana wa mitraye, anayenunua vyuma vikuukuu, anapita avenyu na mkokoteni wake akiita. Vinaondoka kwa bei ya mkate.

Nimefungua uzi huu ili tuongelee kinachotokea mkokoteni ukishakata kona. Televisheni iliyokaa kimya kabatini haimdhuru mtu. Sumu inatoka pale kifaa kinapovunjwa na kuchomwa, na mara nyingi kinavunjwa na kuchomwa mlango wa pili kutoka kwako.

Wengi mmeona namna waya zinavyochomwa. Vijana wanazikunja fungu, wanalitupa juu ya kipande cha tairi, wanawasha. Moshi unaanza mweupe, unageuka mweusi mzito unaoshika koo, na ngozi ya waya inadondoka matone yenye moto. Ukizima wanamwaga maji, wanapiga lile fungu kwa fimbo mpaka jivu litoke, shaba inabaki imekunjamana, tayari kwa mizani. Mdogo wao, ambaye bado hajafika umri wa shule, anaokota vipande vilivyoruka. Ngozi ya waya nyingi ni PVC, plastiki yenye klorini ndani yake. Ikiungua kwenye moto hafifu huku shaba ikiwa pembeni, zinazaliwa dioksini, sumu kali sana, na shaba yenyewe ndiyo inayosaidia zizaliwe kwa wingi. Dioksini hazipotei na upepo. Zinakaa kwenye udongo, kuku anadonoa udongo, mtoto anakula yai. Kule Agbogbloshie, Accra, mayai ya kuku waliokuwa wakizunguka kwenye vyuma vikuukuu yalipimwa, yakakutwa na dioksini kupita mbali sana kiwango kinachoruhusiwa Ulaya. Julai 2021 serikali ya Ghana ikaja na matingatinga ikaivunja ile sehemu. Kazi haikuisha, ilitawanyika tu mitaani.

Kuna wanaosema vijana wa mitraye wanachafua mji, wafukuzwe. Mimi nakataa kabisa. Hao ndio huduma pekee ya ukusanyaji tuliyo nayo. Wanafika kila avenyu, jua na mvua, hadi kule ambako gari la taka halijawahi kukanyaga. Shida iko kwenye mizani ya yule anayewanunulia vyuma. Mizani inalipa shaba, inalipa alumini, inalipa chuma kidogo. Hailipi kioo cha televisheni. Hailipi balbu yenye zebaki, hailipi plastiki, hailipi maji ya betri. Kisicholipwa kinamwagwa mferejini. Na shaba iliyokwisha kuchomwa inapata bei nzuri kuliko waya wenye ngozi, kwa hiyo kila mtu anachoma kwanza ndipo apeleke. Bei ndiyo inayowasha ule moto.

Sisi wa hapa hatuhitaji kufundishwa kwamba ndani ya taka kuna mali. Kile kilima cheusi karibu na bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ni mabaki ya tanuru lililoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Kwa miaka mingi kilikuwa uchafu tu. Sasa STL, kampuni iliyo chini ya Gécamines, inatoa humo kobalti, na tangu 2024 inatoa pia gemaniamu, metali nyingine adimu, inayopelekwa kwa Umicore ya Ubelgiji. Na Umicore ndiye mrithi wa ile Union Minière du Haut-Katanga iliyoundwa mwaka 1906, iliyochimba hapa hapa tulipo. Ilibadili jina mwaka 2001. Leo ina kiwanda Hoboken, ndani ya mji wa Antwerp, kinachopokea bodi za simu na kompyuta kutoka pande zote za dunia na kutoa ndani yake dhahabu, fedha, paladi na shaba. Waliojifunza kazi ya metali kwa shaba ya babu zetu sasa wanachimba simu, na wanachimba kwa faida. Watoto wetu wanachimba vitu hivyohivyo kwa moto wa tairi. Jambo hili linaniuma sana, sitaficha.

Kwa hiyo swali langu kwenu: tunaweza kufanya nini, hapa hapa, kwa mizani hii hii, ili kifaa kilipwe kizima? Mafundi, wanunuzi, wazazi, semeni.

Fundi_Ruashi

Mwalimu, asante kwa uzi huu. Naanzia mahali ambapo hukupagusa: vingi mnavyoviita vimekufa havijafa.

Televisheni bapa ikigoma kuwaka, mtu anainunulia jeneza siku hiyo hiyo. Mimi nikiifungua, kwanza naangalia bodi ya pawa. Zile kapasita, vikopo vidogo vya mviringo, kichwa chake kinapaswa kuwa bapa. Kikivimba, au kikatoa kitu cha kahawia chini yake, nimeshapata ugonjwa. Nazibadilisha, televisheni inarudi nyumbani. Kinachoziua ni umeme wenyewe: unakatika, ukirudi unarudi na kishindo. Ndiyo maana nawaambia wateja, umeme ukikatika chomoa waya ukutani, subiri urudi na utulie kidogo, ndipo uchomeke. Hilo halina gharama yoyote, na linapunguza taka kuliko mkutano wowote.

Sasa hii ya chogo. Naomba wazazi mnisikilize vizuri. Ile tyubu inaweza kubaki na umeme mkali hata baada ya kuchomolewa. Kuna waya mnene unaoingia kwenye kioo chini ya kofia ya mpira. Kabla sijagusa chochote, nachukua bisibisi ndefu yenye mpini wa plastiki, naifunga waya uliounganishwa na fremu ya chuma, naingiza ncha chini ya ile kofia. Wakati mwingine unasikia mlio "ta!". Huo ndio ungepita kwenye mkono wa mtoto.

Na vijana wanafanya nini? Wanachukua jiwe, wanapiga shingo ya tyubu ili wapate koili ya shaba iliyoizunguka. Ndani hakuna hewa, kwa hiyo kioo kinajivuta kwa ndani kisha kinarushwa. Nimeona uso wa kijana uliochanwa hivyo. Tena kile kioo cha nyuma kina risasi, ile metali nzito yenye sumu, ndani yake, kilo moja hadi tatu kwa televisheni moja kulingana na ukubwa, na ule unga mweupe wa mbele si wa kuvuta puani. Yote hayo kwa koili ambayo inashikwa na skrubu moja! Legeza skrubu, ivute taratibu, tyubu inabaki nzima. Ninyi wenye televisheni hizo, leteni kwa fundi azifungue. Msimwachie mtu mwenye jiwe.

Mama_BelAir

Mwalimu na wewe fundi, mimi nina shida ya betri. Tulikuwa na betri kubwa ya sola, ile ya maji. Imekufa, iko kona ya chumba wanapolala wajukuu. Mzee wa nyumba anasema tumwage yale maji ili iwe nyepesi, tuiuze. Jirani yetu yeye anazivunja, anayeyusha risasi kwenye mbabula (jiko la makaa) ile ile wanayopikia, anatengeneza vitu vya kuuza. Harufu inaingia kwangu. Mjukuu wangu mdogo bado anatambaa. Niogope au nisiogope?

Mwalimu_Katuba

Mama, ogopa. Nasema hivyo kwa heshima na bila kukuficha.

Itoeni hiyo betri chumbani leo. Isimame wima, msiilaze, iwekeni ndani ya beseni la plastiki, mahali penye hewa pasipofikiwa na watoto. Maji yake ni asidi ya salfa, na ndani yake mna chembe za risasi. Ukiyamwaga uani, majani yatakufa, hilo utaliona. Risasi itakayobaki kwenye udongo hutaiona, na itakaa hapo mpaka mjukuu awe na wajukuu wake. Iuzeni na maji yake ndani. Yakimwagika bahati mbaya, nyunyizeni jivu au chokaa, zoeni kwa kitu ambacho hamtakitumia tena, osheni kwa maji mengi, na watoto wakae mbali.

Kuhusu jirani. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya namna hiyo ni risasi, na risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 tu. Moto wa makala (makaa) unaifikisha hapo bila taabu, ndiyo maana kila mtu anaona ni kazi rahisi. Vumbi lake linashuka kwenye nguo, kwenye bukari (ugali), kwenye sakafu anayotambaa mtoto, naye anaweka vidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani limesema wazi hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Inapunguza akili yake, inaharibu figo, na mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa.

Tusidhani ni hadithi za mbali. Thiaroye-sur-Mer, pembeni ya Dakar, watu walikuwa wakivunja betri na kuchekecha udongo ili wapate chembe za risasi wauze. Kati ya mwishoni mwa 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18. Mombasa nako, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilikaa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Mama mmoja aliyefanya kazi hapo, Phyllis Omido, aligundua mwanawe ana risasi mwilini, akasimama, akapigana, akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hukumu ilipinduliwa kwenye rufaa, kisha Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Fikiria miaka yote hiyo wanadai haki, na risasi iko mifupani.

Nenda kaongee na jirani, mama kwa mama, kabla ya kumpeleka kwa mkuu wa avenyu. Mwambie wa kwanza kuumia ni watoto wake yeye. Na mjukuu mpeleke hospitali, umweleze daktari bila kuzunguka kwamba kuna mtu anayeyusha betri karibu, kwa maana daktari asiyeambiwa hilo atatibu malaria na minyoo.

Fundi_Ruashi

Naongeza juu ya mbabula. Yale masufuria ya kupikia tunayoyapenda, mazito ya alumini iliyoyeyushwa, yanatengenezwa na vyuma vya kila aina: injini, radieta, vipande vya mashine. Cameroon waliyapima masufuria ya namna hiyo wakakuta yanatoa risasi ndani ya chakula. Anayeyatengeneza achague alumini safi, asitupe kila king'aacho ndani ya chungu.

Mpita_Njia

Mnatupa maskini mzigo wa matajiri. Wazungu wanatumia, wanachoka, wanatuletea vya okazioni (mitumba) ambavyo nusu yake haviwaki. Anzeni kwao.

Kemia_Unilu

Ndugu Mpita_Njia, kwenye sehemu moja uko sahihi. Mwaka 2022 dunia ilizalisha taka za elektroniki tani milioni 62. Mwafrika mmoja kwa wastani anatoa kilo 2.5 kwa mwaka, wakati wastani wa dunia ni 7.8. Hatulingani na wao hata kidogo. Lakini katika hizo tani zote, asilimia 22.3 tu ndizo zilizoandikwa kuwa zimekusanywa na kurejelewa ipasavyo, na Afrika haifiki hata asilimia 1. Hiyo chini ya 1 ndiyo sisi.

Na sheria zipo za kujikinga. Mkataba wa Bamako wa 1991 unakataza kuingiza taka za hatari Afrika, na Kongo yetu ni mwanachama. Mkataba wa Basel, ule wa dunia juu ya taka za hatari, uliongezewa nguvu, na tangu tarehe 1 Januari 2025 taka yoyote ya elektroniki, iwe ya hatari au isiwe ya hatari, haivuki mpaka bila nchi inayopokea kukubali kwanza kwa maandishi. Kwa hiyo kontena la televisheni mbovu linaloandikwa "okazioni" linaweza kukataliwa. Afisa wa forodha pale mpakani Kasumbalesa akiomba lijaribiwe kwenye umeme kabla ya kupita, ana haki yote.

Kanuni hiyohiyo inatubana na sisi tukitaka kutoa bodi zetu nje. Zambia, Tanzania au Afrika Kusini, yoyote zinakopita, lazima ikubali pia. Mtu mmoja mwenye gunia hawezi makaratasi hayo. Ushirika unaweza.

Sasa nina ombi kwa vijana, na hili naliomba kwa moyo wangu wote. Acheni video za kutoa dhahabu nyumbani. Ni kweli tani moja ya simu bila betri zake ina dhahabu gramu mia mbili na zaidi, wakati mgodi wenye gramu tano kwa tani unaitwa mgodi mzuri. Lakini simu moja ina kama sehemu tatu za mia za gramu. Simu mia moja zinakupa kama gramu tatu tu. Kwa ajili ya hiyo unachemsha asidi ya nitriki kwenye sufuria, moshi wa rangi ya chungwa unapanda. Ukiuvuta unaweza kujisikia mzima jioni, usiku mapafu yakajaa maji. Wengine wanatumia zebaki kama kwenye dhahabu ya mtoni. Bodi ina thamani ikiwa nzima na kavu. Tenganisha za simu na kompyuta kutoka za televisheni na redio, maana hizi za pili hazina kitu kingi, zikichanganywa zinashusha bei ya fungu lote.

Na wale wanaoota tanuru la kisasa hapa mjini: hata Hoboken yenyewe, yenye vichujio na maabara, watoto wanaokaa jirani na kiwanda wamekutwa na risasi kwenye damu, mpaka kampuni ikaanza kuwanunulia watu nyumba zao wahame. Chuo chetu, Chuo Kikuu cha Lubumbashi (Unilu), na wenzao wa chuo kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2020 utafiti uliofanywa hapa Lubumbashi ulioonyesha kwamba watoto ambao baba zao wanafanya kazi za migodi walizaliwa na kasoro za mwili zaidi ya wengine. Mji huu umeshabeba vya kutosha. Tufungue kwa mkono, tutenganishe, tuhifadhi, tuuze. Kuyeyusha hapana.

Mwana_Kadutu

Nasoma kutoka Bukavu. Kwetu milima inafanya kazi ya kusukuma. Ukitupa mferejini Kadutu, mvua moja tu kimefika Ziwa Kivu. Uchafu unaelea hadi kwenye bwawa la Ruzizi, unaziba mitambo ya SNEL, kampuni ya umeme ya taifa, umeme unakatika mji mzima. Watu wanavua chupa na madude pale badala ya samaki. Betri za tochi na redio ziko humo humo.

Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda wana kiwanda Bugesera cha kufungua vifaa hivi: vinavyotengenezeka vinatengenezwa, vingine vinatenganishwa. Nairobi nako wana kituo chao. Si jambo la Ulaya peke yake.

Kilo_kwa_Kilo

Mimi ndiye mnunuzi mnayemwongelea. Nina mizani yangu komini ya Kenya, si mbali na soko. Mwalimu, nimekusoma hadi mwisho, na sina hasira, kwa sababu hukututukana.

Acha nieleze bei, maana hapo ndipo pa kufanyia kazi. Kijana akiniletea waya na ngozi yake, mimi sijui ndani mna nini. Kuna waya mnene wenye ngozi nyembamba, shaba tupu. Kuna waya mnene kwa macho, ukiufungua shaba ni kama nywele. Siku hizi kuna waya wa alumini uliofunikwa shaba nyembamba juu. Nikinunua bila kuona, nimeumia. Kwa hiyo nalipa kwa hofu, na hofu bei yake ni ya chini. Yeye anaona bora achome, tuone wote.

Ukinitenganishia, hofu inaisha. Waya za nyumba, zile ngumu za ukutani, ziwe peke yake. Za friji na mashine peke yake. Za chaja na spika peke yake. Kata ncha ya kila mmoja, ikwangue na kisu nione rangi. Sumaku ipite juu tujue hakuna chuma. Hapo naweza kukulipa waya wenye ngozi karibu na shaba yake. Mnene unachunwa na kisu: unaufunga msumarini, unapasua kwa urefu, unavuta. Accra waliwaletea vijana mashine ndogo za kuchunia. Fundi chuma wa hapa akiona picha anaitengeneza, ni magurudumu mawili, wembe na mpini. Tatizo linabaki kwa waya za chaja na za masikioni. Hizo hakuna mwenye subira ya kuzichuna, na ndizo zinazochomwa zaidi. Nipeni wazo.

Betri za maji nanunua. Zinaondoka na lori. Ila wengi wananiletea zimekwisha kumwagwa, kwa sababu wanaobebea kichwani wanaogopa kuungua shingo.

Mwalimu_Katuba

Ndugu Kilo, umenipa darasa. Wazo langu kwa waya ndogo: usizinunue kwa shaba yake, zinunue kwa gunia. Weka bei ya gunia zima, hata iwe ndogo, kwa sharti moja tu, ziwe hazijachomwa, na uzitunze kavu mpaka ziwe mzigo wa kumvuta mnunuzi mwenye mashine ya kusaga. Kijana akijua gunia lina bei, na jivu halina, atajaza gunia.

Na betri zisibebwe kichwani. Kreti za soda zilizochakaa zinatosha, mkokoteni ukiwa na kreti betri inasimama.

Dada_Njanja

Mimi nina simu za zamani kwenye droo. Naogopa kuzitoa kwa sababu ya picha na namba zangu. Moja imevimba mgongoni, kifuniko kimeinuka. Naiweka wapi?

Fundi_Ruashi

Dada, iliyovimba isichajiwe tena hata dakika moja. Usiitoboe, usiibane ili kifuniko kirudi. Ile ni lithiamu; ikitoboka inawaka yenyewe, na maji kidogo hayaizimi. Chukua kopo la chuma, weka mchanga mkavu, izike humo, kopo likae nje mbali na makala na mafuta. Betri za simu nyingine ambazo hazijavimba, bandika utepe wa plastiki kwenye vile vidoti vya shaba ili zisigusane.

Kuhusu picha: kama simu inawaka, toa kwanza akaunti yako, kisha ingia kwenye mipangilio ufute kila kitu, uirudishe kama ilivyotoka kiwandani. Toa kadi ya laini na kadi ya kumbukumbu. Kama haiwaki, nitakufungulia mbele yako, bodi tuitoboe kwenye ile chipu ya kumbukumbu kwa drili ukiwa unaangalia. Sehemu nyingine za bodi zinabaki na thamani yake.

Mama_BelAir

Betri imetoka chumbani, iko kwenye beseni nyuma ya jiko. Nimeongea na mke wa jirani. Alilia. Mume anasema ataacha kama kuna mtu wa kuzinunua nzima, maana yeye ananunua mbovu kwa watu halafu hana pa kuzipeleka.

Swali la mwisho: balbu zilizozima, zile nyeupe za kujikunja, na friji?

Kemia_Unilu

Mama, balbu hizo zina zebaki kidogo sana, miligramu chache, ila ikipasuka ndani fungua madirisha, watoto watoke, usifagie na ufagio. Okota kwa karatasi ngumu, malizia na utepe wa kunata, funga kwenye chupa yenye kifuniko. Nzima ziwekwe kwenye katoni, zisitupwe pamoja na takataka nyingine. Ukinunua mpya nunua za LED, hazina zebaki.

Friji usiruhusu mtu akate bomba za shaba za nyuma. Ndani mna gesi. Za zamani sana zina gesi inayotoboa tabaka la ozoni, na nyingine za siku hizi zina gesi inayowaka kama ya kupikia. Fundi wa friji ana kifaa cha kuivuta na kuiweka kwenye mtungi. Ikishatoka, sanduku na kompresa vinaweza kwenda kwa Kilo.

Kilo_kwa_Kilo

Mwambie huyo jirani aje aniulize. Betri nzima zenye maji nachukua zote alizo nazo, namlipa kwa uzito wake kamili.

Na nimeamua hivi, niandike hapa ili mnidai. Kuanzia wiki ijayo mizani yangu ina bei mbili kwenye ubao: waya wenye ngozi uliotenganishwa, na gunia la waya ndogo. Shaba yenye jivu nitashusha bei yake ili isizidi ile yenye ngozi. Fundi, televisheni za chogo nitakazoletewa nakutumia wewe uzifungue, koili na alumini tunagawana. Tyubu nzima nitazipanga kwenye kontena langu la nyuma, kavu, hakuna wa kuzipiga jiwe. Nina nafasi ya muda, si ya milele, kwa hiyo Mwalimu na wewe wa Unilu anzeni kuandika barua kwa wizara ya mazingira ya jimbo, mimi na wenzangu wa mizani tutatia sahihi. Betri iliyomwagwa maji sinunui tena, mwambieni kila mtu.